Bomba lililoegama ndani ya shimo: kasi ya tope upande mwembamba ni ipi?

Msomaji mmoja anayefanya kazi na mtambo wa kuchimba visima vya maji wilayani Kiryandongo, Uganda, ameniandikia swali ambalo nimelipokea kwa furaha, kwa sababu limeulizwa na mtu aliyekwisha kuona tatizo kwa macho yake. Anaeleza kwamba wanachimba shimo la kipenyo cha milimita 216, kisha wanashusha ndani yake kesingi ya PVC (bomba la plastiki linalobaki ndani ya kisima) yenye kipenyo cha nje cha milimita 140, halafu wanazungusha tope, yaani kimiminika kizito cha kuchimbia, kwa pampu inayotoa lita 12 kwa sekunde ili kusafisha uwazi uliobaki kati ya bomba na ukuta wa shimo. Akigawanya lita hizo kwa eneo la uwazi anapata kasi ya takriban mita 0.56 kwa sekunde, na bosi wake huridhika na jibu hilo. Hata hivyo, kokoto za chujio zikimwagwa baadaye hukwama upande mmoja, na bomba likitolewa hukutwa limegandwa na tope zito upande huohuo. Anauliza: bomba likiwa halikukaa katikati, kasi halisi ya upande ule mwembamba hukadiriwaje?

Ndugu muulizaji, hesabu yako ni sahihi, ila inajibu swali jingine. Eneo la uwazi ni robo ya pai mara tofauti ya miraba ya vipenyo viwili, yaani karibu mita za mraba 0.0213, na eneo hilo halibadiliki hata kidogo bomba likisogea kushoto au kulia. Kwa hiyo kasi ya wastani nayo haibadiliki: ni 0.56 bomba likiwa katikati, na ni 0.56 bomba likiwa limelalia ukuta. Kinachobadilika ni mgawanyo wa kasi hiyo kuzunguka bomba, na mgawanyo huo unaweza kuwa wa dhuluma kuliko mtu anavyodhani.

Tuanze na umbo. Bomba likiwa katikati kabisa, uwazi una upana uleule pande zote, ambao ni nusu ya tofauti ya vipenyo: kwako ni milimita 38. Upana huo tuuite c. Bomba likisogea kutoka katikati kwa umbali fulani, gawanya umbali huo kwa c, upate namba ninayoiita kiwango cha kuegama, yaani e. Ikiwa e ni 0, bomba liko katikati. Ikiwa e ni 1, bomba limegusa ukuta. Upana wa uwazi mahali popote kwenye mzingo unakaribia kuwa c × (1 + e × kosaini ya pembe), pembe ikipimwa kuanzia upande mpana. Kwa mfano, bomba likisogea milimita 19, e ni 0.5, upande mpana unakuwa na milimita 57 na ule mwembamba milimita 19. Uwiano wa upana ni tatu kwa moja, na wengi huishia hapo wakidhani kwamba kasi nayo itakuwa tatu kwa moja.

Haiwi hivyo, na sababu yake ndiyo kiini cha jibu hili. Chukua uwazi wote uukate kwa mawazo kuwa vipande vyembamba vinavyosimama ubavu kwa ubavu kuzunguka bomba, kila kipande kikiwa kama mfereji kati ya mbao mbili. Vipande vyote vinaanzia chini pamoja na kuishia juu pamoja, kwa hiyo vyote vinasukumwa na upungufu uleule wa shinikizo kwa kila mita. Katika mtiririko tulivu, ambamo matabaka ya kimiminika yanateleza bila kuchanganyika, kasi ya wastani ndani ya mfereji wa namna hiyo ni mraba wa upana mara upungufu wa shinikizo kwa mita, gawanya kwa mara kumi na mbili ya mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Zingatia neno mraba. Upana ukiwa theluthi moja, kasi inakuwa sehemu moja ya tisa, kwa sababu katika mfereji mwembamba kila tone liko karibu na ukuta unaolishika.

Ukijumlisha vipande vyote kuzunguka mzingo na kulazimisha jumla iwe sawa na lita zako 12, unapata kanuni moja unayoweza kuiandika nyuma ya daftari la kazi. Kasi ya mahali ni kasi ya wastani mara (1 + e × kosaini ya pembe) kwa kipeo cha pili, gawanya kwa (1 + 1.5 × mraba wa e). Upande mpana kosaini ni 1. Upande mwembamba ni −1. Kwa e ya 0.5 kigawanyo ni 1.375. Upande mpana unapata 2.25 ÷ 1.375, yaani mara 1.64 ya wastani, ambayo kwako ni mita 0.92 kwa sekunde. Upande mwembamba unapata 0.25 ÷ 1.375, yaani 0.18 ya wastani, ambayo ni mita 0.10 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya wastani ya kila kipande. Katikati ya kipande chenyewe, mbali na kuta zote mbili, kimiminika hukimbia mara moja na nusu ya hapo.

Nimechukulia hapa tope lenye mnato wa milipaskali-sekunde 60 na densiti ya kilo 1,050 kwa mita ya ujazo, ili mtiririko uwe tulivu kila mahali. Ni lazima uhakikishe hilo kabla ya kuitumia kanuni. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko, kwa uwazi mzima, ukitumia tofauti ya vipenyo kama urefu wa kipimo, ni karibu 750. Lakini kwa upande mpana peke yake, ukitumia mara mbili ya upana wa hapo na kasi ya hapo, inafika karibu 1,840, yaani inapiga hodi kwenye mpaka wa 2,000 hivi ambapo utulivu huanza kuvunjika. Anayekagua namba ya jumla tu anaweza kuamini kwamba kila kitu ni shwari kumbe upande mmoja umeanza kuchafuka.

Sasa tazama linalotokea e ikipanda kutoka 0.5 hadi 0.8. Upande mpana unakuwa na mara 1.65 ya wastani, yaani mita 0.93 kwa sekunde: karibu hakuna badiliko. Upande mwembamba unashuka hadi asilimia 2 tu ya wastani, yaani milimita 11 au 12 kwa sekunde. Ukiichunguza kanuni hiyo utaona kwamba upande mpana hauwezi kamwe kupita mara 1.67 ya wastani. Unafika kilele hicho e ikiwa theluthi mbili, kisha unarudi nyuma kidogo. Upande mwembamba hauna sakafu ya namna hiyo: unateremka hadi sifuri. Ndiyo sababu fundi aliyesimama mdomoni mwa kisima, akitazama tope linavyorudi kwa nguvu na kumwagika kwenye bwawa, hana njia ya kujua kama bomba limeegama kidogo au limeegama sana. Anachokiona ni upande mpana, na upande mpana hausemi lolote.

Geji ya shinikizo nayo haitakusaidia. Kwa kweli inaweza kukupotosha. Kwa pampu ileile, bomba lililoegama linahitaji shinikizo dogo kuliko lililo katikati, kwa sababu kimiminika kimepata njia pana ya mkato. Kwa e ya 0.5 upungufu wa shinikizo ni 1 ÷ 1.375, karibu asilimia 73 ya ule wa bomba lililo katikati. Kwa e ya 0.8 ni asilimia 51. Katika tope letu la mfano, na e ya 0.5, hiyo ni takriban paskali 205 kwa kila mita badala ya 282. Kwa kisima cha mita 60 tofauti yote haifiki hata bar 0.05, na sijaona mtambo wa visima vya maji wenye geji inayoweza kuonyesha kitu kidogo kiasi hicho.

Utauliza kama mbinu hii ya kukata vipande inaaminika, maana uwazi si mbao mbili, ni duara. Suluhisho kamili la kihisabati kwa kimiminika cha kawaida lilikwisha kutolewa na Piercy, Hooper na Winny mwaka 1933, lakini ni la mfululizo mrefu ambao hakuna mtu ataukokotoa akiwa ameketi juu ya gurudumu la lori. Njia ya kati ni kanuni ya Haciislamoglu na Langlinais ya mwaka 1990, inayotoa uwiano wa upungufu wa shinikizo wa bomba lililoegama kwa lile la katikati: 1 − 0.072(e/n)k^0.8454 − 1.5e²√n·k^0.1852 + 0.96e³√n·k^0.2527. Humo k ni kipenyo cha ndani gawanya kwa cha nje, na n ni kipeo cha tabia ya kimiminika nitakachokieleza punde. Nimeijaribu kwa vipimo vyako, k ikiwa 0.648 na n ikiwa 1. Kwa e ya 0.5 inatoa 0.74 pale ambapo vipande vyetu vinatoa 0.73, na kwa e ya 0.8 zote mbili zinatoa 0.51. Kwa kazi ya kisima huo ni upatanifu mzuri kupita mahitaji. Ila bomba la ndani likiwa jembamba sana kulinganisha na shimo, tuseme k chini ya 0.3, usiitumie njia ya vipande bila tahadhari.

Mpaka hapa nimejifanya kana kwamba tope lako ni kama mafuta ya kupikia, ambayo mnato wake ni uleule ukiyakoroga polepole au haraka. Tope la bentonaiti (udongo laini unaovimba majini), na zaidi lile lililotiwa polima, halina tabia hiyo: likikorogwa haraka linalegea, likiachwa linakaza. Tabia hiyo hupimwa kwa kipeo n. Kimiminika cha kawaida kina n ya 1, na matope mengi yana n iliyo chini ya hapo. Katika kanuni ya kasi, badala ya kipeo cha pili unaweka 1 + 1/n, na kigawanyo nacho hubadilika ili jumla ibaki lita zilezile; kwa n ya 0.5 kinakuwa 1 + 3e² + 0.375e⁴. Kwa n ya 0.5 kipeo kinakuwa 3, na kwa e ya 0.5 upande mpana unapata mara 1.90 ya wastani, upande mwembamba 0.07 tu. Kwako hiyo ni mita 1.08 kwa sekunde upande mmoja na sentimita 4 upande wa pili: ishirini na saba kwa moja, na bomba limesogea nusu ya njia tu.

Niliwahi kuwaonyesha mafundi wanafunzi jambo hili katika karakana, kwa vifaa ambavyo hata wewe unaweza kuvipata. Tulikuwa na mrija wa plastiki angavu wenye upana wa ndani wa milimita 90, tukaweka ndani yake bomba la milimita 50 lililosogezwa hadi upande mmoja ukabaki na milimita 6. Tulijaza uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ambao hulegea ukikorogwa kama tope linavyofanya, tukadunga kwa sindano bluu ya kufulia nguo, mstari mmoja upande mpana na mwingine upande mwembamba, kisha tukafungua koki ya uji taratibu. Mstari wa upande mpana ulijikunja kama upinde na kupotea juu ya mrija. Ule wa upande mwembamba ulisogea kama upana wa kidole, ukabaki pale ukiwa na rangi yake kamili. Kijana mmoja alidhani mrija umeziba, akaugongagonga kwa kijiti. Haukuwa umeziba.

Kuna hali mbaya zaidi, nayo ndiyo ninayoishuku katika kisima chako. Tope lililotulia huhitaji nguvu ya kiasi fulani kabla halijakubali kusogea, kama vile uji uliopoa unavyogoma kutoka kwenye sufuria mpaka uinamishwe vya kutosha. Tuiite nguvu hiyo ukinzani wa awali. Katika kipande chenye upana h, msuguano kwenye ukuta ni nusu ya h mara upungufu wa shinikizo kwa mita. Msuguano huo ukiwa mdogo kuliko ukinzani wa awali, tope la kipande hicho halitembei polepole, halitembei kabisa. Kwa hiyo kila mahali ambapo upana ni mdogo kuliko mara mbili ya ukinzani wa awali gawanya kwa upungufu wa shinikizo kwa mita, tope limesimama. Chukua tope lenye ukinzani wa paskali 5 na upungufu wa paskali 400 kwa mita: mpaka ni milimita 25. Katika shimo lako lenye e ya 0.5, uwazi wenye upana wa chini ya milimita 25 umechukua zaidi ya robo ya mzingo wote. Robo hiyo nzima ni ukuta wa tope lililoganda huku pampu ikinguruma na bosi akiwa ameridhika.

Maji matupu ni habari nyingine. Kwa lita zilezile 12, maji yana namba ya Reynolds ya karibu 43,000, kwa hiyo yanakwenda kwa msukosuko, na katika msukosuko wa kuta laini kasi hufuata upana kwa kipeo cha karibu 5/7 badala ya 2. Dhuluma inapungua sana. Kwa e ya 0.5 upande mwembamba unapata 0.57 ya wastani, yaani mita 0.32 kwa sekunde. Kwa e ya 0.8 unapata kama 0.26, yaani mita 0.15, ingawa hapo namba ya Reynolds ya upande mwembamba peke yake imeshuka hadi 2,300 hivi na msukosuko unaanza kufifia, kwa hiyo kasi halisi huenda ikawa chini zaidi. Hata hivyo linganisha na milimita 12 za tope. Ndiyo maana mafundi wazee humalizia kwa kulegeza tope kidogo kidogo kabla ya kumwaga kokoto, na sioni sababu ya kubishana nao. Tahadhari yangu ni kwamba katika mchanga mlegevu tope ndilo linaloshikilia ukuta. Ukilitoa lote kwa pupa, shimo litakufia mikononi.

Limebaki suala la kuijua e yenyewe, na hapa hesabu yote husimama au kuanguka. Kupima mdomoni hakutoshi, kwa sababu bomba lililo katikati pale juu linaweza kuwa limelala ukutani mita ishirini chini, hasa shimo lisiponyooka. Mimi huanza na hali mbaya kabisa inayowezekana. Kesingi ya PVC yenye soketi (mdomo mpana wa kuungia bomba na bomba) haiwezi kugusa ukuta kwa ubavu wake karibu na maungio. Soketi hugusa kwanza. Tuseme soketi yako ina kipenyo cha nje cha milimita 155. Hapo ubavu wa bomba umebaki milimita 7.5 kutoka ukutani, na e ni 1 − 7.5 ÷ 38, yaani 0.80. Katikati ya maungio mawili bomba linaweza kupinda na kusogea zaidi. Kwa hiyo bila kifaa chochote cha kulishika katikati, e ya 0.8 ndiyo namba ya haki kwa kisima chako, na jibu la swali lako, kwa tope la mfano wangu, ni milimita 12 kwa sekunde na si mita 0.56.

Ukivisha kesingi sentralaiza, yaani vifaa vya kulishika bomba katikati, zinazobakiza angalau theluthi mbili za c upande mwembamba, e inashuka hadi theluthi moja, na upande mwembamba unapata 0.38 ya wastani, yaani mita 0.22 kwa sekunde kwa tope lilelile na pampu ileile. Ni mara kumi na tisa ya hali ya kwanza. Kuongeza mwendo wa pampu hakukupi faida ya namna hiyo: katika mtiririko tulivu, lita zikiongezeka maradufu pande zote mbili zinaongezeka maradufu na uwiano kati yao unabaki palepale, utakuwa umetoka milimita 12 hadi 24 kwa gharama ya dizeli nyingi. Isipokuwa tope likiwa limesimama kwa sababu ya ukinzani wa awali, hapo shinikizo la ziada linaweza kulizindua, na kulizungusha bomba kidogo kwa mkono kabla halijafungwa husaidia vilevile, maana tope linalosuguliwa hulegea.

Wenzetu wa mafuta kule Buliisa na Kikuube wanaijua shida hii vizuri kuliko sisi wa maji. Visima vyao vingi huinamishwa makusudi, vya eneo la mafuta la Kingfisher vikianzia ufukweni na kupita chini ya Ziwa Albert, na katika shimo lililoinama bomba hulala upande wa chini kwa uzito wake, palepale mabaki ya mwamba yanapotua. Wao huzungusha bomba mara nyingi. Sisi, kwa kuwa shimo letu ni wima, hujiambia kwamba bomba limejinyoosha lenyewe. Niliwahi kuamini hivyo katika kisima kimoja nilichokisimamia: saruji ya kuziba sehemu ya juu iliingia kwa kiasi kilekile kilichokokotolewa, lakini mvua za kwanza zilipofika maji yakatoka na rangi ya udongo. Kiasi kilikuwa sahihi kwa sababu upande mpana ulipanda juu kuliko tulivyokusudia. Upande mwembamba ulikuwa bado una tope letu wenyewe. Saruji ni nzito kuliko tope, na uzito huo husaidia kusawazisha pande mbili inapopandishwa polepole kutoka chini, lakini haukutosha kulisukuma tope lililokwisha kuganda.

Kabla ya kesingi inayofuata kushuka, pima soketi kwa kaliba (kifaa cha kupimia kipenyo) badala ya kutegemea namba yangu ya 155, kisha rudia e na kanuni ya kasi kwa n ya tope lako la siku hiyo. Ukikosa kipima mnato, chukua n ya 0.5 uwe upande wa tahadhari. Kokoto nazo zimwage polepole ukizunguka mdomo wote wa shimo, si kutoka pembe moja pale toroli lilipoegeshwa.